Mbwa, kazi ya kutwa na nyumba isiyo na ua

Mtu anayekaa ghorofani, na kazi yake ni ya kutoka asubuhi na kurudi jioni, akitaja tu kwamba anataka kufuga mbwa hupewa majibu ya aina mbili. Wengine watamwambia huko ni kumtesa mnyama, maana mbwa anataka ua wa kukimbilia na mtu wa kushinda naye. Wengine watamwambia aache wasiwasi, mbwa hulala mchana kutwa na wala hatajua kama mwenyewe ametoka. Kila jibu lina chembe ya ukweli, lakini yote mawili yameliacha pembeni jambo lenye uzito zaidi. Wapo mbwa wanaoishi vizuri kabisa katika vyumba viwili vya ghorofa ya tano, na wapo wanaonyong'onyea ndani ya ua mpana. Kinachowatofautisha si ukubwa wa eneo. Ni muda wanaokaa peke yao bila kukatizwa, namna walivyofundishwa kuukaa muda huo, na wanachokipata kabla yake na baada yake.

Nianze na ua, tuumalize, kisha twende kwenye muda, maana huko ndiko uamuzi ulipo.

Kinachofanywa na ua, na usichoweza kukifanya

Ua una faida moja ya kweli. Mbwa akibanwa na haja usiku wa manane kwa sababu tumbo limemchafuka, unafungua mlango na yeye anatoka. Anayekaa ghorofani hana urahisi huo. Atavaa viatu, atashika kamba, atashuka ngazi, mvua inyeshe isinyeshe, awe mzima au ana homa. Kazi hiyo ni ya kila siku kwa miaka 10, 12 au zaidi, na asiyeipenda asijidanganye kwamba ataizoea.

Lakini watu huupa ua kazi nyingine isiyo yake. Hudhani kwamba mbwa mwenye ua atajitembeza mwenyewe. Mtazame mbwa aliyeachwa uani peke yake. Huzunguka kidogo, hunusa pembe alizokwisha kuzinusa jana na juzi, halafu hulala karibu na mlango akisubiri mtu atoke. Asipotoka mtu, huanza kumbwekea kila apitaye, au kuchimba chini ya uzio. Mwenye nyumba akimwona yuko nje anaridhika kwamba mbwa wake amepata mazoezi, na kumbe amebadilisha tu mahali pa kuchokea.

Mbwa huujua ulimwengu kwa pua kwanza. Vipokezi vya harufu vilivyomo puani mwake ni vingi mara makumi kuliko vyetu, na kila nguzo ya barabarani humpa habari: nani alipita, dume au jike, lini, mgeni au mwenyeji. Ndiyo maana matembezi ya nusu saa ambayo mbwa ameruhusiwa kusimama na kunusa humtuliza kuliko nusu saa ya kuvutwavutwa kwa kasi. Mwaka 2019 watafiti Charlotte Duranton na Alexandra Horowitz waliwagawa mbwa wa majumbani makundi mawili. Kundi moja lilifanya michezo ya kutafuta vitu kwa kunusa, jingine likafanya zoezi la kutembea sambamba na mwenye mbwa. Baadaye, mbwa wa kundi la kunusa walilisogelea upesi zaidi bakuli ambalo hawakuweza kujua kama lina chakula au la. Watafiti waliisoma dalili hiyo kuwa mbwa hao wamekuwa na matumaini zaidi. Walichohitaji ni nafasi ya kuitumia pua, na nafasi hiyo haidai ua.

Tena anayekaa ghorofani ana jambo moja linalomsaidia pasipo yeye kupenda: hana njia ya kukwepa. Lazima amtoe mbwa nje, naye mbwa hukutana na barabara, watu, mbwa wengine na harufu mpya kila siku. Ujerumani, kanuni za ufugaji wa mbwa zilizoanza kutumika Januari 2022 zinataka mbwa apate muda wa kutosha wa kutembea nje, na aonane na mlezi wake mara kadhaa kwa siku. Mkaaji wa ghorofani aliye makini hutimiza hayo bila kujua kwamba yameandikwa popote. Mwenye ua akijisahau kidogo tu, hayatimizi.

Hesabu ya muda wa mfululizo

Muulize mfanyakazi mbwa wake atakaa peke yake kwa muda gani, atakwambia saa nane, kwa kuwa kazi ni ya saa nane. Hajahesabu mapumziko ya mchana ambayo hayamfikishi nyumbani. Hajahesabu safari ya kwenda na kurudi, foleni, wala ile siku ya kupitia sokoni. Ukifunga mlango saa moja asubuhi na kuufungua saa kumi na mbili jioni, mbwa amekaa peke yake saa 11. Hiyo ndiyo namba ya kufanyia uamuzi. Ninawashauri watu waiandike kwenye karatasi kabla hawajaanza kutazama picha za mbwa, kwa sababu ukishaitazama picha hesabu hupindika.

Kuna kibofu kwanza. Mbwa aliyekomaa na mwenye afya anaweza kujizuia haja ndogo kwa saa 6 hadi 8 za mchana bila shida kubwa, na usiku, akiwa amelala na hanywi maji, anaweza kwenda zaidi kidogo. Wapo wanaofika saa 10. Lakini kwamba ameweza si ushahidi kwamba anastahili kufanyiwa hivyo kila siku ya kazi, mwaka mzima. Sweden imeliweka jambo hili katika kanuni: mbwa anayekaa ndani lazima atolewe angalau kila baada ya saa 6 mchana, na watoto na wazee mara nyingi zaidi. Nchi hiyo ina wafanyakazi wa kutwa wengi wenye mbwa. Kanuni haikuwazuia kufuga, imewalazimisha kupanga. Wengine huwapeleka mbwa kwenye vituo vya kulelea mchana, wengine huwa na mtu anayefika nyumbani saa sita au saa saba kumtoa.

Kisha kuna usingizi, ambao ndio hoja ya wale wanaosema usijali. Ni kweli mbwa aliyekomaa hulala karibu nusu ya saa 24, pengine zaidi, na kwamba uchangamfu wake hupanda asubuhi na jioni, ukapungua katikati ya mchana. Kwa mfanyakazi hiyo ni heri kubwa. Therese Rehn na Linda Keeling, watafiti wa Sweden, waliwarekodi mbwa walioachwa peke yao kwa nusu saa, saa 2 na saa 4, na matokeo yao yakachapishwa 2011. Sehemu kubwa ya muda mbwa hao walikuwa wamelala tu. Hata hivyo mwenyewe aliporudi baada ya saa 2 au 4, walimlaki kwa nguvu kuliko aliporudi baada ya nusu saa: walimfuata, walitikisa mkia, walijikung'uta mwili. Yaani kimya cha mchana hakikuwa na maana kwamba hawakuona tofauti. Tena kumbuka kwamba utafiti huo uliishia saa 4. Anayeutumia kutetea saa 11 anaubebesha mzigo ambao haukuubeba.

Kwa maoni yangu, na ninayasema bila kulainisha: saa 4 za mfululizo kwa mbwa aliyekomaa na kuzoeshwa ni sawa, saa 6 zinavumilika kila siku, saa 8 ni dari, na kinachozidi hapo kwa mazoea ni kumdhulumu, hata kama hajawahi kukojoa ndani. Habari njema ni kwamba saa 11 zikikatwa katikati si saa 11 tena. Ziara moja ya mchana, ya dakika 30 au 40, huzigeuza kuwa vipande viwili vya saa tano hivi, na hiyo ni siku tofauti kabisa kwa mbwa.

Nani wa kuikata? Mara nyingi jibu liko karibu kuliko mtu anavyodhani. Mwenzi au ndugu mwenye zamu tofauti. Jirani aliyestaafu anayependa mbwa lakini hataki mzigo wa kuwa na wake. Mwanafunzi anayetoka masomoni mchana. Mtembezaji wa kulipwa, ambaye ni lazima umuulize anatembeza mbwa wangapi kwa pamoja, anafanya nini kamba ikimponyoka, na nani mwingine anashika ufunguo wa nyumba yako. Siku mbili za kufanyia kazi nyumbani kwa wiki zinapunguza gharama kwa karibu nusu. Kituo cha kulelea mbwa mchana ni kizuri kwa mbwa anayependa wenzake, lakini si kila mbwa ni wa huko: mwoga, mzee au anayechoshwa na kelele hurudi amechoka kwa hofu, na watu husema amecheza sana. Umwone mwenyewe akiwa mle ndani, hata kwa kuchungulia, kabla hujamwachia wiki nzima. Na kwa mfanyakazi, malipo haya ya mchana ndiyo gharama kubwa ya kufuga mbwa, hayo na tiba. Bei ya kumnunulia mbwa mwenyewe, au kumchukua bure, si kitu mbele ya gharama inayorudi kila wiki kwa miaka.

Vitambaa vya kufyonza mkojo, au trei ya nyasi kwenye roshani, vinawasaidia watoto, wazee na mbwa wadogo. Vinatatua tatizo la kibofu tu. Havimpi mbwa mtu wala barabara.

Kukaa peke yake hufundishwa

Hapa ndipo panapoharibika zaidi, na kila ninapowasikia majirani wakilalamikia mbwa wa ghorofani najua kiini kiko hapa. Mbwa ni mnyama wa kundi. Hakuna mbwa anayezaliwa akijua kwamba mlango uliofungwa utafunguliwa tena. Lazima alijue hilo kwa kuliona likitokea, mara nyingi, kwa vipande vidogo anavyoweza kuvimudu.

Kosa linalofanywa kwa nia njema kabisa ni hili: mtu anachukua likizo ya wiki mbili ili ampokee mbwa mpya. Wiki mbili wanalala pamoja, wanakula pamoja, hawaachani hata dakika. Jumatatu ya tatu, mwenyewe anaondoka kwa saa tisa. Kwa mbwa, dunia imegeuka ghafla. Lile wimbi la watu waliochukua mbwa mwaka 2020, wakati UVIKO-19 ilipowaweka nyumbani, liliwakuta wengi katika hali hiyo hiyo ofisi zilipofunguliwa. Likizo ichukuliwe, ni wazo zuri, lakini itumike kufundisha kuachana kuanzia siku ya kwanza. Toka chumbani, funga mlango, hesabu hadi kumi, rudi. Toka nje ya nyumba dakika moja, kisha mbili, kisha moja tena. Rudi kabla hajaanza kulia, si baada ya kulia. Usiongeze muda kwa mstari ulionyooka, changanya mrefu na mfupi, ili asijifunze kwamba kila mara itakuwa mbaya kuliko iliyopita. Shika funguo uziweke tena mezani bila kwenda popote. Samaki mkunje angali mbichi, na mbwa mpya nyumbani, hata awe na miaka mitano, wiki zake za kwanza bado ni mbichi.

Akishaanza kuachwa kwa kweli, unahitaji kujua kinachotokea ukiwa hupo, na njia rahisi ni kuacha simu ya zamani ikirekodi. Picha hiyo itakuonyesha kama una mbwa aliyechoshwa na ukimya au mbwa mwenye hofu. Aliyechoshwa hulala kwanza, huamka baada ya saa kadhaa, hutafuna kiatu, hupekua pipa la taka, hulala tena. Mwenye hofu ya kuachwa huanza mapema, kwa kawaida ndani ya nusu saa ya kwanza: huhema, hutoa mate, huzunguka, hulia kwa sauti ya kuvuta, hukwangua mlango au dirisha ulikotokea, hukojoa ingawa alitolewa muda mfupi uliopita. Na chakula kitamu ulichomwachia hakigusi mpaka urudi. Wa kwanza anahitaji kazi zaidi na matembezi zaidi. Wa pili hatatibiwa na matembezi peke yake.

Wa pili huyo ndiye anayeadhibiwa kuliko wote, na adhabu inafuata imani kwamba anajua kosa lake: mbona nimeingia tu, ameinamisha kichwa na kulaza masikio? Alexandra Horowitz alilipima jambo hili, akachapisha mwaka 2009. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitafunio, wakatoka chumbani, na waliporudi wakaambiwa mbwa ametii au hakutii, wakati mwingine kinyume cha ukweli. Ule uso wa hatia ulitokea zaidi pale mwenyewe alipokemea, awe mbwa amekula au hajala. Tena mbwa waliotii na wakakemewa ndio waliouonyesha zaidi. Unachokiona mlangoni ni hofu ya hasira yako. Ukimchapa, umemfundisha kuogopa kurudi kwako, na sasa ana mambo mawili ya kuogopa: kuondoka kwako na kurudi kwako.

Hofu ikiwa kubwa, mwone daktari wa mifugo mapema. Zipo dawa, fluoksetini na klomipramini kati yake, zilizoidhinishwa katika nchi kadhaa kwa mbwa wenye tatizo hili. Hutolewa pamoja na mafunzo ya kuachwa hatua kwa hatua, maana humtuliza mbwa kiasi cha kuweza kujifunza. Usimpe za binadamu kwa kukadiria. Usikimbilie pia kuleta mbwa wa pili ili awe mwenza: hofu hii mara nyingi hufungamana na mtu, na matokeo yake yanaweza kuwa mbwa wawili wanaolia badala ya mmoja. Kreti nayo, yaani kizimba cha ndani ya nyumba, kwa mbwa anayeipenda, ni chumba chake cha kulala na mlango unaweza kufungwa kwa muda mfupi. Kumfungia humo kwa siku nzima ya kazi ni kumnyima hata kugeuka na kunywa maji kwa raha, na mwenye hofu anaweza kujivunja meno kwenye nondo.

Mtoto au mkubwa

Mfanyakazi wa kutwa anayeishi peke yake ghorofani asichukue mtoto wa mbwa, isipokuwa ana watu wa kumsaidia kwa miezi sita ya kwanza, watu wenye majina na zamu, si ahadi za jumla. Nalisema hili nikijua wengi hawapendi kulisikia.

Kanuni ya wafugaji ni kwamba mtoto wa mbwa hujizuia haja kwa saa zisizozidi umri wake kwa miezi. Wa miezi miwili ni saa 2, na hapo ni kama hakucheza na hakunywa maji. Anayeachwa kutwa hana hiari ila kujisaidia anapolala, na mbwa aliyezoea hivyo utotoni ni kazi ngumu kumrudisha. Lakini kubwa zaidi ni akili yake. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza makuzi ya mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor nchini Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 1965, walionyesha kwamba wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ndicho kipindi ambacho mtoto wa mbwa huamua nini katika dunia ni cha kawaida na nini ni cha kutisha. Watu wenye miavuli, lifti inayofunguka kwa kishindo, watoto wanaokimbia, honi, hivyo vyote anapaswa kuviona akiwa salama karibu na mtu. Mbwa wa ghorofani anavihitaji kuliko mbwa yeyote, maana atapishana navyo kila siku ya maisha yake. Kipindi hicho kikipita akiwa jikoni peke yake, hakirudi.

Kuna na mtego wa chanjo. Chanjo za utotoni hurudiwa mpaka kufika wiki ya 16 au zaidi, na kirusi cha parvo kinaweza kukaa ardhini mwaka mzima kikiwa hai. Mwenye ua ambao haujawahi kuingia mbwa mgonjwa anaweza kumweka mtoto chini. Wewe wa ghorofani una majani yanayotumiwa na mbwa wote wa mtaa. Kwa hiyo mtoto hubebwa mikononi kutazama dunia, na ratiba ya wapi akanyage huzungumzwa na daktari.

Mbwa mkubwa, wa miaka miwili, minne au saba, ana kibofu kilichokomaa, na tabia yake imeshajionyesha. Unaweza kuuliza kituo kinachomtunza, au familia inayomtoa, amewahi kukaa peke yake kwa muda gani, hufanya nini mtu akigonga mlango, hupandaje ngazi. Omba ukae naye mara zaidi ya moja. Majibu hayo hakuna atakayekupa kuhusu mtoto wa wiki nane.

Ukubwa wa mwili unadanganya

Watu huchagua mbwa mdogo kwa sababu nyumba ni ndogo. Greyhound, anayeweza kufika kasi ya karibu kilomita 70 kwa saa, ni miongoni mwa mbwa watulivu kabisa ndani ya nyumba. Hukimbia kidogo kisha hulala kutwa akiwa amenyoosha miguu. Great Dane naye, pamoja na ukubwa wake wote, mara nyingi hana shughuli nyingi chumbani. Jack Russell anaenea kwapani na hachoki. Border Collie aliumbwa kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi ili achunge kondoo kutwa nzima, na asipokuwa na kondoo atachunga baiskeli, vivuli na watoto wako.

Katika jengo lenye kuta nyembamba, sauti ina uzito kuliko kimo. Beagle alifugwa ili sauti yake isikike mbali msituni, na atasikika. Basenji, mbwa wa asili ya Afrika ya Kati, habweki kama wengine, lakini hutoa sauti zake nyingine na ni bingwa wa kutoboa godoro akichoshwa. Mbwa wenye pua bapa, kama Pug na French Bulldog, hupendwa ghorofani kwa utulivu wao, na sehemu ya utulivu huo ni kwamba hawapumui vizuri. Chumba kilichofungwa siku ya joto kinaweza kuwaua. Na mbwa mchanganyiko, ambaye ndiye mbwa wa watu wengi duniani, apimwe kama alivyo yeye, si kwa kubahatisha ukoo.

Siku yenyewe ilivyo

Amka mapema. Matembezi ya asubuhi yasiwe ya kukojoa tu na kurudi. Dakika 30 hadi 45 za kunusa kwa uhuru ndizo zinazomlaza mchana. Chakula chake cha asubuhi, badala ya kumwagwa bakulini, sehemu yake iwekwe kwenye kifaa cha kukitafutia, au ikunjwe ndani ya taulo kuukuu, au ifichwe pembe za chumba. Ondoka bila sherehe. Kabla ya kufunga mlango hakikisha chokoleti, zabibu, vitunguu na chochote chenye xylitol (kitia utamu kinachotumika badala ya sukari) haviko anapofikia, kwani ni sumu kwake, na kwamba roshani imefungwa. Mchana mtu wako anafika.

Kisha jioni, na hapa ndipo watu hushindwa. Wewe umemaliza siku, yeye ndiyo kwanza anaianza. Umechoka, una njaa, kuna kikombe cha kitu cha moto akilini mwako, na mbele yako amesimama mnyama aliyekungoja tangu asubuhi. Matembezi ya jioni ndiyo marefu ya siku, kisha mchezo au mafunzo kidogo, kisha kukaa pamoja tu, na kutoka kwa mwisho kabla ya kulala. Mialiko ya ghafla baada ya kazi huisha, au hupitia nyumbani kwanza. Wapo watu ambao mpango huu uliwaokoa, uliwatoa ofisini kwa wakati na kuwapa miguu na majirani. Wapo walioanza kumchukia mbwa kimya kimya ndani ya mwaka. Jijue uko upande gani kwa majaribio: kwa wiki tatu, toka nje kutembea asubuhi na usiku kwa muda ule ule, bila mbwa. Ukiruka siku ya mvua, umeshapata jibu lako.

Majirani waambiwe mapema, kabla mbwa hajaja, na wapewe namba ya simu. Jirani mwenye namba yako hukupigia wewe kwanza mbwa anapolia, kabla ya kumpigia mwenye nyumba. Mkataba wa kupanga usomwe, na ruhusa iwe ya maandishi.

Ikiwa hesabu imekataa, iache ikatae. Unaweza kumtembeza mbwa wa jirani mzee, kulea kwa muda mbwa wanaosubiri makazi wakati wa likizo yako, kujitolea kwenye kituo cha wanyama mwisho wa wiki. Kazi hubadilika, na miaka miwili ya kusubiri si mingi.

Na kwa yule ambaye mbwa yuko tayari, saa 11 zimekuwa mazoea, na amesoma hadi hapa akiwa na uzito moyoni: anza na ziara ya mchana wiki hii, hata kama ni siku tatu tu kati ya tano, na urekodi zile mbili nyingine. Kama umejaribu kwa dhati na njia haipo, kumpata mtu mwingine anayeweza ni kumtunza pia, mradi afanyiwe hivyo angali mzima na kwa mtu uliyemtembelea. Umpe kadi ya chanjo, umweleze mbwa anaogopa nini, anakula nini, anatoka saa ngapi, na muda mrefu kabisa aliowahi kukaa peke yake bila kulia. Namba hiyo ya mwisho usiipambe.